Baiskeli Chini ya Kitanda

Ploti yetu ina soja mmoja, na soja huyo ana sheria moja: baiskeli haipandi ngazi. Alinieleza siku niliyohamia hapa Umoja, kabla hata sijashusha godoro. "Kijana yangu, huko juu ni kwa watu. Baiskeli inakaa hapa chini." Hapa chini ni kando ya tangi la maji, mahali ambapo jirani mmoja alifunga baiskeli yake Jumapili jioni, na Jumatatu asubuhi akakuta mnyororo na kufuli peke yake. Kufuli lilikuwa bado limefungwa vizuri kabisa.

Mimi nakaa orofa ya nne. Lifti hakuna. Wakati huo nilikuwa nimepata kibarua Upper Hill, kuandikia kampuni fulani maneno ya tovuti yao. Kila asubuhi napanda mat, nakwama Jogoo Road, nashuka tao, natembea hadi juu kilimani. Ni kama kilomita 12 tu, lakini siku ya mvua zinaweza kula masaa mawili na nauli mara mbili. Nikapiga hesabu. Ninachohitaji ni baiskeli yenye mota ndogo, ili nisifike ofisini nikinuka kama mtu aliyekimbizwa na kanjo. Tena ikifika kwa soja, iache kuwa baiskeli. Iwe mzigo. Mzigo unapanda ngazi.

Mashine kama hiyo ipo, na inaitwa baiskeli ya umeme ya kukunja. Nilipoangalia bei ya ile inayosifiwa zaidi, ya Brompton kutoka London, nilizima simu. Halafu nikaiwasha tena, si kwa kununua, bali kwa sababu kuna kitu kilinisumbua. Nilisoma uhandisi wa mitambo kwa miaka mitatu kabla salio la karo halijanishinda, na jicho la uhandisi halifungi hata ukifukuzwa kwenye chumba cha mtihani. Sehemu zote za mashine ile ni za kizamani. Baiskeli ya umeme ina umri zaidi ya Nairobi. Baiskeli ya kukunja vilevile. Sasa mbona ndoa yao ilichukua zaidi ya miaka mia moja?

*

Tarehe 31 Desemba 1895, Ogden Bolton Jr. wa Canton, Ohio, alipewa hataza ya Marekani nambari 552,271. Jaribu kuiweka tarehe hiyo mahali pake: reli ya kutoka Mombasa ilikuwa haijaanza kutandikwa. Ingeanza 1896, na kufika hapa kwenye matope ya Nairobi 1899. Kabla ya Nairobi kuwa hata kituo cha reli, Bolton alikuwa ameshachora baiskeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma na betri ikining'inia katikati ya fremu.

Ukiangalia mchoro wake leo, unashtuka. Mota ndani ya kitovu ndiyo hiyo hiyo unayoiona kwenye baiskeli nyingi za umeme za sasa. Alipatia. Kilichomshinda ni betri. Yake ilikuwa ya volti 10, na mota ingeweza kuvuta hadi ampea 100. Zidisha: wati 1,000. Mtu wa kawaida akikanyaga bila kujiua hutoa kama wati 100, kwa hivyo Bolton alikuwa amechora baiskeli yenye watu kumi wasioonekana. Lakini watu hao walipaswa kula, na chakula chao kilikuwa risasi na asidi. Kilo moja ya betri ya risasi ya leo, si ya 1895, hubeba wati-saa 30 hadi 40. Nusu saa ya nguvu yote ya Bolton inataka zaidi ya kilo 12 za betri. Na ya zamani zake ilikuwa nzito kuliko hiyo.

Huo ndio ukuta wenyewe, na hadithi yote iliyobaki ni ya watu waliougonga kila mmoja kutoka upande wake. Baiskeli ya umeme ilijua kwenda lakini haikujua kubebwa.

*

Upande wa pili kulikuwa na waliojua kubeba. Miaka hiyo hiyo ya 1890, Kapteni Gérard wa jeshi la Ufaransa alitengeneza baiskeli iliyokunjwa katikati ya fremu, ili askari aivae mgongoni kama begi barabara ikiisha. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Bianchi ya Italia iliwaundia askari wa Bersaglieri baiskeli ya kukunja. Vita vya Pili vilipokuja, BSA ya Birmingham, kampuni iliyoanza kwa kutengeneza bunduki, iliunda makumi ya maelfu ya baiskeli za kukunja kwa ajili ya askari wa parachuti. Askari anaruka kutoka kwenye ndege pamoja na baiskeli yake, anatua, anaikunjua, anakaza nati kwa vidole, anaenda zake.

Kwa muda mrefu niliisoma sehemu hii haraka haraka, kama watu wanavyoruka vita kwenye kitabu cha historia. Baadaye nikaona jambo. Hakuna aliyewahi kukunja baiskeli kwa sababu ya barabara. Barabarani, bawaba ni hasara tupu: inaongeza uzito, inalegea, inapiga kelele, inaweza kuvunjika. Unaikunja kwa sababu ya pale barabara inapoisha. Kwa Gérard palikuwa ni mlimani, kwa BSA ni mlango wa ndege, na kwangu ni soja.

*

Baada ya vita, kilichofanya raia waanze kufikiria kama askari ni mafuta.

Julai 1956, Gamal Abdel Nasser alitaifisha Mfereji wa Suez. Kufikia Desemba, Uingereza ilikuwa inagawa petroli kwa kadi. Mhandisi mmoja, Alex Moulton, ambaye kazi yake ilikuwa springi za mpira za magari, akaanza kuitazama baiskeli upya. Mwaka wa 1962 akatoa baiskeli ya magurudumu madogo ya inchi 16, yenye springi mbele na nyuma. Ile ya kwanza haikukunjika. Lakini ilivunja imani moja kubwa: kwamba gurudumu dogo ni la watoto. Bila imani hiyo kuvunjika, hakuna baiskeli inayoweza kuingia chini ya kiti cha treni.

Mwaka wa 1973 mafuta yakakwama tena. Foleni za magari kwenye vituo vya petroli vya Marekani zilimfanya David Hon, mwanafizikia wa leza aliyefanya kazi California, aanze kuchora baiskeli ya kukunja. Mwaka wa 1982 aliianzisha Dahon pamoja na ndugu yake. Uingereza nako, Harry Bickerton alikuwa anauza baiskeli ya alumini unayoweza kuikunja na kuitia mfukoni mwa turubai, nyepesi ajabu, ila wenye nayo wanakwambia ukivuta usukani kwa nguvu unaisikia inajipinda.

Na Bickerton ndiyo iliyomchokoza kijana mmoja wa London anayeitwa Andrew Ritchie.

Ritchie ndiye niliyekaa naye usiku mwingi zaidi. Alikuwa na digrii ya uhandisi ya Cambridge, lakini katikati ya miaka ya 1970 alikuwa anapata riziki kwa kutunza bustani za watu. Baba yake, dalali wa hisa, ndiye aliyemkutanisha na watu wa Bickerton. Ritchie akaitazama baiskeli yao na kuwaza lile ambalo kila fundi huwaza mbele ya kazi ya mwenzake: hii naweza kuifanya vizuri zaidi. Marafiki kumi wakamchangia pauni 100 kila mmoja. Karakana yake ikawa chumba cha kulala, katika fleti iliyotazama kanisa la Brompton Oratory. Jina la baiskeli lilitoka dirishani.

Alichofanya ni kuacha kuikunja baiskeli mara moja katikati, kama kitabu. Gurudumu la nyuma linapita chini ya fremu na kurudi mbele. La mbele linakuja kulala ubavuni. Usukani unaanguka upande. Kiti kinashuka, na kikishashuka, nguzo yake inafunga kila kitu kisifunguke. Mnyororo, ule unaochafua suruali, unabaki katikati ya magurudumu mawili. Kilichobaki ni kitu cha chini ya sentimita 60 kwa 60, upana kama 27. Ukikiinua, hakianguki vipande vipande. Kinabebeka.

Akawapelekea Raleigh, wakakataa. Wengine wakakataa pia. Akawaomba marafiki walipe kabla, akaunda chache kwa mkono, zikanunuliwa, akaunda nyingine, kisha pesa na vipuri vikaisha na kazi ikasimama kwa miaka. Mwishowe mmoja wa wanunuzi wa mwanzo, Julian Vereker, mwenye kampuni ya vyombo vya muziki ya Naim Audio, akamsaidia kupata mkopo. Uzalishaji wa kweli ukaanza 1988, chini ya daraja la reli huko Brentford. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka kumi tangu fleti.

Siwezi kujidanganya kwamba mimi ni yeye. Yeye alikuwa na Cambridge, baba dalali wa hisa, na marafiki kumi wenye pauni mia mia za miaka ya sabini. Mathe anauza nguo za watoto za mtumba, na marafiki zangu kumi ukiwatikisa wote zinaanguka bando na deni la Fuliza. Lakini kile chumba cha kulala nakijua. Ile hali ya kulala na harufu ya mafuta ya cheni, nayo naijua.

*

Kufikia hapo kukunja kulikuwa kumepatikana. Umeme bado.

Kuna mtu mmoja aliyegonga ukuta kutoka pande zote mbili, na ningependa vijana wa uvumbuzi wamjue zaidi kuliko wanavyowajua mabilionea wa leo. Clive Sinclair alikuwa ameshawatajirisha Waingereza kwa kompyuta za bei rahisi. Tarehe 10 Januari 1985, katikati ya baridi kali ya London, akazindua C5: gari dogo la magurudumu matatu, pedali, mota ya wati 250 na betri ya risasi, kwa pauni 399. Dereva alikaa chini sana, karibu usawa wa magurudumu ya malori. Hakuna paa, na ni Januari. Zilitengenezwa kama 14,000, na hata nusu yake hazikuuzwa kabla ya mradi kufa mwaka huo huo. Mwaka wa 1992 akajaribu tena na Zike, baiskeli ndogo ya umeme. Nayo ikakwama. Mwaka wa 2006 akatoa A-bike, ya kukunja, chini ya kilo 6, ikiwa na magurudumu madogo kama sahani ya chapati. Hiyo haikuwa na umeme.

Unaona? Alipoweka umeme, uzito ukamuua. Alipoondoa uzito, umeme haukuwepo. Watu wanamcheka hadi leo. Mimi nikimsoma naona mtu aliyefika kwenye stage mapema kuliko gari.

Gari lenyewe lilikuwa linaundwa mahali pengine, na watu ambao hata hawakuwa wanafikiria baiskeli. Miaka ya 1970, enzi za foleni zile zile za petroli, Stanley Whittingham alikuwa anafanyia kazi betri ya lithiamu ndani ya Exxon. Ndiyo, kampuni ya mafuta. Mwaka wa 1980, huko Oxford, John Goodenough akapata njia ya kuiongezea nguvu kwa kutumia kobalti. Mwaka wa 1985 Akira Yoshino wa Japani akaifanya iwe salama ya kutosha kutumika, na 1991 Sony ikaiingiza sokoni kwa ajili ya kamera za video. Watatu hao walipewa Nobeli ya Kemia 2019, Goodenough akiwa na miaka 97. Kilo moja ya seli za lithiamu za siku hizi hubeba zaidi ya wati-saa 200. Kilo 12 za Bolton zimekuwa mbili na nusu.

Vitu vingine viwili vilikuja pembeni. Sumaku za neodimiamu za miaka ya 1980 ziliifanya mota iwe ndogo bila kuwa dhaifu. Na 1993, Yamaha ya Japani ikatoa PAS, baiskeli iliyopima nguvu ya mguu wako kwenye pedali na kuagiza mota iongeze kulingana nayo. Kabla ya hapo, mota ilikuwa bwana na wewe abiria. Yamaha ilikurudishia miguu yako, ila ikaipa msaidizi.

Halafu China. Miji mingi huko ilipopiga marufuku pikipiki za petroli, watu walihamia baiskeli za umeme kwa mamilioni, nyingi zikiwa bado na betri za risasi. Mota, kontrola, nyaya, chaja: vyote vikawa vya kawaida kama vipuri vya jiko. Hiyo ndiyo sababu leo unaweza kununua mota ya kitovu cha gurudumu ukiwa Luthuli Avenue bila kumweleza mtu yeyote wewe ni nani.

Brompton walizindua baiskeli yao ya umeme 2017, baada ya miaka ya kufanya kazi na Williams Advanced Engineering, jamaa wa timu ya mbio za Formula One. Mota ya wati 250 iko gurudumu la mbele. Betri ni ya wati-saa 300. Nilitegemea kusoma kuhusu muujiza fulani wa kemia. Muujiza niliokuta ni begi. Walitoa betri kwenye baiskeli kabisa, wakaiweka ndani ya mkoba unaoshikizwa mbele. Ukifika, unachomoa mkoba, unaukunja mwili wa baiskeli, unabeba mmoja kila mkono. Yote pamoja ni kama kilo 17, lakini hubebi kilo 17 mahali pamoja.

Baada ya mbio za magari, Nobeli na miaka 122 tangu Bolton, suluhisho la mwisho ni lile ambalo mama yeyote anayetoka Wakulima Market analijua: mzigo ukiwa mzito, ugawe mikono miwili.

*

Sasa turudi Umoja.

Mwaka wa tatu chuoni tuliambiwa tuandike pendekezo la mradi. Niliandika baiskeli ya umeme ya kukunja. Mhadhiri akanirudishia karatasi na maneno machache kwa kalamu nyekundu: nitafute kitu kinachowezekana hapa. Sikuwahi kumwonyesha pendekezo la pili, kwa sababu muhula uliofuata jina langu halikuwa kwenye orodha ya mtihani. Mathe aliposikia hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Na hiyo hesabu yote utaifanyia nini sasa?"

Aprili 2022, Kenya nzima ilipopanga foleni za petroli na nauli zikapanda kwa mkupuo, nilikumbuka Suez, nikakumbuka 1973, na nikajiambia kumbe nimechelewa kwa miaka sitini na sita tu. Nikanunua baiskeli ya kukunja ya mtumba, ya chuma, magurudumu inchi 20, bawaba moja katikati kama ya Gérard. Nikanunua mota ya mbele ya wati 250. Betri sikuiweza. Nikaenda kwa mafundi wa laptopu, nikanunua betri zilizokufa, nikazipasua. Ndani kuna seli kama betri za tochi zilizonenepa, na si zote huwa zimekufa. Nilizipima moja moja kwa wiki tatu. Nikapata 40 nzuri. Kumi kwa kufuatana zinatoa volti 36, mistari minne sambamba, na kwenye karatasi nikawa na wati-saa karibu 290. Karibu sawa na Brompton. Nilikaa kitandani nikiitazama hiyo nambari kama mtu aliyetumiwa pesa kimakosa.

Usijaribu hii nyumbani kama huijui. Betri ya lithiamu ikikasirika haizimwi kwa maji ya beseni. Yangu naichaji kwenye balkoni, ndani ya sufuria ya chuma, nikiwa macho. Ikijaa imekula theluthi moja hivi ya yuniti ya stima, stima ambayo hapa kwetu nyingi inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana. Linganisha na nauli halafu uniambie.

Siku ya kwanza barabarani nilifika City Stadium nikiwa mfalme. Mahali barabara inapoanza kupanda, nikaikoroga mota mpaka mwisho. Ikatoa mlio, gurudumu likakaa upande, nyaya zikajikata kama nywele. Nilimaliza safari nikisukuma, na kila mat iliyopita ilikuwa na makanga wa kunipa ushauri.

Kumbe mota inapozungusha gurudumu mbele, ekseli inataka kuzunguka nyuma. Nati peke yake haiwezi kuizuia. Ekseli inazila zile nafasi mbili kwenye foki zinazoishikilia hadi itoke. Kwa Kiingereza nafasi hizo zinaitwa dropouts. Nilicheka peke yangu pale kando ya barabara. Miaka mitatu ya uhandisi, na kilichoniangusha ni dropout.

Nikaipeleka Kariobangi Light Industries kwa mzee mmoja wa kuchomelea. Aliizungusha ile foki mkononi bila kusema kitu, akaniuliza, "Hii nguvu inaenda wapi?" Nikamwonyesha. Akakata kipande cha chuma bapa, akatoboa tundu lenye umbo la ekseli, akakifunga kwenye mguu wa foki ili kila ekseli ikitaka kuzunguka, chuma hicho kiseme hapana. Dakika arobaini. Baadaye nikasoma kwamba watengenezaji wa baiskeli za umeme dunia nzima hutumia mkono wa chuma kama huo. Mzee hakuwa amesoma popote. Alikuwa ameuliza swali sahihi. Nikamwambia, "Mzee, wewe ungekuwa mhadhiri wangu ningemaliza." Akasema, "Kijana, mimi nafundisha kila siku. Ni vile hawaleti karatasi."

Kabla ya kurudi nyumbani nilipitia kwa muuza vyuma chakavu, kutumia mizani yake. Kilo 21 na nusu. Akaniuliza kama nauza, akanitajia bei kwa kilo.

Kilo 21 na nusu, orofa ya nne. Nilijua jibu tayari, kwa sababu nilikuwa nimelisoma. Betri nikaishonea mkoba wa turubai na kuishikiza mbele kwa kamba za begi la zamani. Mwili wa baiskeli nikaukunja na kuuvalisha gunia. Soja alikuwa kwenye kiti chake.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mzigo, mzee."

Akainuka. Akaliinua gunia kidogo, akasikia uzito wake, akaona tairi limechungulia. Tukatazamana. Akalishusha gunia, akavuta kona ya pili hadi ikafunika tairi. "Mzigo unapanda," akasema. "Lakini usipige ngazi kelele."

*

Haijakamilika. Bawaba inalia kwenye matuta. Mvua ikinyesha naiacha, kwa sababu kontrola yangu imezibwa kwa gundi na imani. Mota inabaki na kilo zake, na kukunja kwangu ni kwa Gérard, si kwa Ritchie: kitu kinachotoka ni kipana mno, nimelazimika kuinua kitanda kwa matofali ili kiingie chini. Upper Hill nafika kwa dakika arobaini na tano. Jogoo Road haina njia ya baiskeli ya maana, na kuna asubuhi tairi la basi linapita karibu na kiwiko changu hadi nawaelewa wote waliomcheka Sinclair. Betri nyepesi haiwezi kukutengea nafasi barabarani. Hiyo ni kazi ya serikali, na haitoki kwa mafundi wa Kariobangi.

Nilipoanza kusoma historia hii nilikuwa natafuta aliyeivumbua. Nimepata foleni: mmoja ana mota bila betri, mwingine ana bawaba bila mota, mwingine ana betri na anafikiria kamera. Kila mmoja alionekana ameshindwa hadi kipande cha mwenzake kilipofika. Swali la mathe bado sijalijibu vizuri, ila Krismasi iliyopita alikuja, akaichungulia chini ya kitanda, akauliza kama inaweza kubeba beli ya nguo.

Jirani zangu watatu wanataka za kwao. Yule wa kufuli ndiye wa kwanza. Nimewaambia kile Ritchie alichowaambia marafiki zake: lipeni kidogo kabla, tununue mota na seli mpya, mzee achomelee, na tuanze na bawaba iliyo bora. Wote walisema ni sawa. Mpaka sasa ametuma mmoja, shilingi mia tano. Nimeandika jina lake kwenye kitabu.